Tone la Kiingilio

Hadubini yetu tuliiweka juu ya jiwe. Sisemi meza ya jiwe. Nasema jiwe lenyewe la Mwanza, ambalo lilimshinda fundi aliyejenga jengo letu, akaamua kulizungushia sakafu, likabaki limechomoza katikati ya chumba cha nyuma kama mgongo wa kiboko. Kwa miaka mingi chumba kile kilikuwa stoo ya viti vibovu, maana nani atapanga ofisi kuzunguka jiwe? Mwenzangu mhandisi ndiye aliyelipenda. Alisema kitu tunachotaka kukijenga hakitaki kutikisika hata lori likipita barabarani, na jiwe lile halijatikisika tangu dunia ianze. Tukatoa viti, tukafagia, tukasimika mashine yetu pale.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Nimekaa na hadubini za kawaida tangu nilipomaliza chuo, na sizidharau, lakini zinaonyesha kila kitu bapa. Unaweka damu kwenye kioo, unaikausha, unaipaka rangi, na unachokitazama ni seli zilizokufa zikiwa zimebandikwa. Ya kwetu inaitazama seli ikiwa hai, ndani ya majimaji yake, ikijigeuza inavyotaka. Inapitisha mwanga mwembamba sana, na mwanga huo unaikata seli safu baada ya safu bila kuidhuru, upesi kuliko jicho linavyoweza kufuata, kamera ikipiga picha ya kila safu. Kompyuta inazipanga safu hizo na kukurudishia seli nzima, yenye mbele na nyuma, ambayo unaweza kuizungusha kwenye skrini kama unavyozungusha embe sokoni kutafuta palipooza.

Mashine za namna hii zipo duniani siku nyingi, ila kwa bei ambayo sisi tungeisoma tukacheka. Ya kwetu ilitokana na ukaidi. Kinachoisukuma lenzi juu na chini kwa kasi ni spika ya redio. Tuliinunua Buzuruga kwa muuza vifaa vilivyotumika, naye akatuuliza kama tunataka na ya besi kwa ajili ya sherehe. Kamera tuliitoa kwenye kifaa kilichostaafishwa. Siku ya kwanza ilipofanya kazi, mhandisi wangu, kijana mpole kutoka Musoma ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alipiga kelele hadi mlinzi akaja na rungu.

Tuliijenga kwa ajili ya selimundu. Huku Kanda ya Ziwa ni nadra kukuta mtaa usio na mtoto wa ugonjwa huo, lakini nitaeleza kwa wasioujua. Seli nyekundu ya damu ikiwa salama ni ya mviringo, imebonyea katikati, na inapita kwenye mishipa midogo kwa kujikunja na kujikunjua. Ya mgonjwa, hewa ya oksijeni ikipungua, inakakamaa na kupinda kama mundu, inakwama, na wenzake wanakwama nyuma yake. Hapo ndipo mtoto anapoanza kulia kwa maumivu ya mifupa ambayo hakuna kubembeleza kunakoyatuliza. Sisi tulitaka kuziona seli zikipinda, moja moja, zikiwa hai, ili tujue dawa inazichelewesha namna gani. Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya ziada, ambayo kila mtu kazini aliijua. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, ni mgonjwa wa selimundu.

Jambo moja ni lazima lieleweke, kwa sababu hadithi yote imekaa juu yake. Mtoto hapati selimundu kwa mzazi mmoja. Anapewa nusu na mama na nusu na baba, na mwenye nusu tu haumwi. Anaishi miaka yake yote bila kujua, akilima, akivua, akicheza mpira. Sisi tunamwita mbebaji.

Mimi ni mbebaji, na nililijua hilo kabla ya ndoa. Mchungaji wetu alikuwa na utaratibu wa kuwatuma wachumba wakapime kila kitu kabla ya kutangazwa kanisani. Nilipopata majibu yangu nilimfuata mchumba wangu, tukakaa kwenye ngazi za kanisa, nikalia, kisha nikamwambia wazi: kapime na wewe, na kama unayo, tuachane sasa tukiwa bado tunapendana, kuliko tuje tuzae mtoto wa kuteseka. Nilimaanisha. Nilikuwa nimeshaanza hata kujizoesha kuamka bila kumfikiria.

Akaenda kupima hospitali moja ng'ambo ya ziwa, kwao Sengerema. Akarudi akanikuta kwenye ngazi zilezile. "Mimi niko safi," akasema, kwa ile sauti yake ya upole inayomfanya kila mzazi atake binti yake afundishwe naye. Yeye ni mwalimu wa biolojia, hadi leo anafundisha sekondari. Akaokota kijiti, akachora mchangani ile miraba minne wanayoichora darasani kuonyesha watoto wanavyorithi. Mraba mmoja mmoja akanionyesha kwamba watoto wetu, hata wawe wangapi, wengine watabeba nusu kama mimi, na hakuna hata mmoja atakayeumwa. Nilivaa shela kwa kuuamini mchoro ule.

Binti yetu alikuwa bado anatambaa mikono na miguu yake ilipovimba. Nilijua kabla ya daktari kusema. Mama yeyote mwingine angeweza kupewa siku mbili tatu za kutojua, mimi kazi yangu haikunipa hata hizo.

"Vipimo vinakosea," mume wangu aliniambia. "Huenda changu kilikosea."

"Basi rudia."

Hakukataa. Laiti angekataa! Alikuwa anakubali halafu haendi. Leo anasimamia mitihani, kesho ana kikao cha wazazi, keshokutwa mimi ndiye niliyekuwa sipo. Nikimbana, ananishika mkono: "Mke wangu, nikijua itabadilisha nini? Mtoto ndiye huyu. Tumlee." Na kweli alimlea, siwezi kumnyima hilo. Alimbeba mgongoni hadi hospitali siku ambazo hakukuwa na usafiri. Alihakikisha chupa yake ya maji haikauki. Mtoto akizidiwa, jina la kwanza kutoka mdomoni mwake lilikuwa la baba. Kwa sababu hiyo nilinyamaza muda mrefu kuliko ilivyo tabia yangu, na wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa kunyamaza.

Kilichoniuma wakati huo kilikuwa ng'ambo. Kila tulipokwenda Sengerema, shangazi zake walimpokea mume wangu kama mtu aliyetoka vitani. Walimshika mabega. "Mwanaume mvumilivu," walisema. "Mungu atamlipa." Mimi walinisalimia vizuri, chakula walinipa, lakini nikiingia jikoni maneno yanaisha. Mama mkwe ndiye aliyezidi. Hakuwahi kumpakata binti yangu, hata alipokuwa mchanga. Kila mara alimwita "mtoto wako". Mtoto wako amekula? Mtoto wako anakohoa. Nilijiambia ni mwanamke mwenye roho ya korosho, anamchukia mtoto kwa kuwa mgonjwa, na mimi nikamchukia yeye kwa moyo wangu wote. Mvumilivu! Kana kwamba mimi nilikuwa nakaa na mtoto huyo hotelini.

Kisha mume wangu akaanza kutaka mtoto wa pili.

Alianza kwa utani, akaendelea kwa maombi ya kanisani, akafika hadi kumtuma binti yetu aniombe mdogo wake. Na mimi nilimtaka. Nilimtaka mtoto wa pili hadi nikawa nakwepa kupita penye maduka ya nguo za watoto. Lakini nilijua hesabu yake. Kama baba ni safi kweli, hakuna cha kuogopa. Kama ni mbebaji, kila mimba ni bahati nasibu, na nilikuwa nimeshasikia kilio cha aliyekosa. Nikamwambia: nipe tone moja tu la damu yako, ndipo tuzungumze habari za mtoto.

Alicheka. "Sasa umenigeuza sampuli."

Siku moja alijikata akinyoa ndevu, akajipangusa kwa karatasi, akaitupa kwenye ndoo ya taka bafuni. Nilisimama juu ya ndoo ile. Ilikuwa inatosha kabisa. Ningeikunja kwenye leso, ningefika kazini, ningeipitisha kwenye kipimo chetu cha kawaida, jioni ningekuwa najua. Nikaifunika. Damu ya mtu haichukuliwi kwa kuviziwa, hata awe mume wako, na kama nisingeiheshimu ya mume wangu, nani angeniamini na ya kwake? Nilitaka anipe mwenyewe.

Sasa, katika chumba chetu cha jiwe tulikuwa na desturi. Anayetaka kuangalia kwenye mashine analipa kiingilio, na kiingilio ni tone moja la damu yake mwenyewe, kidoleni. Tulianza kwa shida tu, kwa kuwa damu iliyokaa seli zake zinachoka na sisi tulihitaji mbichi. Tukagundua pia kwamba mtu akiziona seli zake mwenyewe zikiwa hai ananyamaza, haulizi tena kazi hii ina faida gani. Tulikuwa tunamweleza kwanza kinachoweza kuonekana. Asiyetaka kujua, tunamwonyesha ya mwingine na hatumlazimishi. Mkurugenzi alilipa. Mama anayetupikia chai alilipa, akataka aje na dada yake. Mimi nilishalipa hadi vidole vyangu vikaota sugu.

Binti yangu alilipa bila kufumba macho, maana sindano kwake si kitu kigeni. Tulipozipunguzia seli zake hewa na zikaanza kupinda, alishika kipanya akazizungusha mwenyewe. "Hii ndizi," akasema. "Na hii ndizi." Tukairudisha hewa, nyingine zikajikunjua polepole zikawa za mviringo tena, na yeye akazipigia makofi. Tulipofika nyumbani alimpigia bibi yake kumsimulia, kwa simu ya baba yake, na bila kuniuliza.

Ndivyo mama mkwe alivyotaka kuja. Sikuamini. Mwanamke ambaye hakuwahi kuvuka maji kuja kumwona mjukuu wake akiwa wodini, sasa anavuka kuja kuona mashine. Mume wangu alihangaika sana kumzuia. Huko ni mitambo tu mama, kuna harufu ya dawa, utaumwa kichwa. Lakini mama yake akishaamua ameamua, na ilimbidi mwana amfuate kivukoni na kumleta mwenyewe.

Aliingia asubuhi na kitenge chake cha kanisani na mfuko wa michembe, viazi vikavu vya kwao ambavyo mume wangu anavipenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Iko wapi hiyo darubini ya mtoto wako?"

Nikamwonyesha. Alilitazama jiwe kwanza. Mhandisi akamkaribisha kiti, akamweleza habari za kiingilio kwa adabu zote: kwamba huenda tukaona ana nusu ya ugonjwa wa selimundu, kwamba nusu haiui wala haiumi, na kwamba anaweza kukataa.

"Mama ni mtu mzima," mume wangu akaingilia. "Msimtoboetoboe. Ataangalia damu ya mtu mwingine."

"Nimezaa nyumbani bila mkunga," mama yake akasema. "Kasindano hako katanifanya nini?" Akanyoosha kidole, lakini macho yake yalikuwa kwangu. "Toboa. Ukoo wetu nao uonekane."

Nilimwelewa vizuri sana. Alikuja kunionyesha kwamba kwao hakuna. Alikuwa amevuka ziwa kwa ajili hiyo. Nikamtoboa kwa heshima yote, na nakiri nilibonyeza zaidi kidogo ya inavyotakiwa.

Seli zake zilikuwa nzuri. Zilielea, zikageuka, zikapishana, na mama mkwe akasahau kununa. "Mbona kama vitumbua," akasema. Mhandisi akafungua gesi ya kuondoa oksijeni. Tukasubiri. Seli za mgonjwa huwahi kupinda, za mbebaji huchelewa, na za asiye na kitu hubaki vitumbua hadi uchoke. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria chakula cha mchana.

Moja ikajivuta pembeni. Ikachongoka. Jirani yake ikafuata, kisha nyingine chini yake. Nimeziona za kwangu zikifanya hivyo mara nyingi mno kuweza kukosea. Mhandisi alinitazama, nami nikatazama skrini.

"Hizo zimelala ubavu," mume wangu akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mama yake hata hakuwa amejua kuna cha kuuliza. Lakini yeye aliendelea, kwa sauti ya darasani, akimweleza mama yake kwamba seli ni kama sahani, na sahani ukiitazama kwa pembeni inaonekana nyembamba, hata imepinda, watu wa maabara wanadanganyika hapo kila siku. Na alikuwa sahihi! Hilo ndilo lililonitisha. Kwenye hadubini ya kawaida, seli nzima ikilala ubavu unaweza kuidhania mundu, na hakuna wa kukubishia. Alikuwa na jibu zuri, limekomaa, la mtu aliyelibeba mfukoni siku nyingi akingoja siku atakayolihitaji.

Nikachukua kipanya. Nikasimamisha picha kwenye ile seli ya kwanza, nikaizungusha. Sahani iliyolala ubavu ukiigeuza inarudi kuwa sahani. Hii nikaigeuza kulia, ikawa mundu. Nikaigeuza kushoto, nikaipindua juu chini, nikaitazama kwa nyuma. Ilikuwa na ncha zake mbili kila upande nilioutazama, wazi kiasi kwamba hata mtu ambaye hajawahi kuingia maabara angeielewa. Mume wangu akaacha kueleza.

"Ndiyo yenyewe?" mama mkwe akaniuliza. Kwa mara ya kwanza hakuniuliza kwa ukali.

"Ndiyo, mama. Ni nusu tu. Wewe huumwi wala hutaumwa."

"Kwa hiyo ipo kwetu."

"Kwako ipo. Uliowazaa, kila mmoja anaweza kuwa nayo au asiwe nayo."

Alikaa akizitazama seli zake. "Nilizika wawili," akasema. "Mikono yao ilivimba hivyohivyo. Tukasema ni husuda za jirani, tukahama." Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejumlisha kitu kisichokubali kujumlika. "Sasa wewe, mwanangu, kwa nini ulikiri?"

"Nilikiri nini, mama?"

"Kwamba mtoto si wa kwetu."

Nilidhani sijasikia. Mume wangu alisema, "Mama, twende nje," lakini mama yake hakumtazama.

"Alituita mimi na shangazi zake," akasema. "Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amejulikana kuumwa. Akatueleza kwamba ugonjwa huu unataka damu mbili, na ya kwake alishapima ni safi. Akasema amekuuliza, umelia, umekiri, na yeye amekusamehe. Akatukataza tusikuguse kwa neno hata moja. Tukamwambia, mwanetu, una moyo."

Kumbe nilikuwa nimesamehewa. Miaka yote ile ya jikoni kunyamaza nikiingia, ya kushikwa mabega yeye na kutazamwa pembeni mimi, nilikuwa mwanamke aliyezaa nje na kusitiriwa. Walikuwa wananipakulia wali wakijua, au wakidhani wanajua, na walikuwa wananihurumia. Mama mkwe hakumchukia mtoto kwa kuumwa. Alimtazama kama mtoto wa mtu asiyemjua, na kwa mwanamke wa umri wake, aliyeamini alichoambiwa, alikuwa amejitahidi. Nilikuwa nimemchukia mtu asiye na hatia huku nikilala ubavuni mwa mwenye nayo, nikimfulia mashati.

Nimewahi kukasirika katika maisha yangu, tena mara nyingi. Siku ile haikuwa hasira. Nilijisikia kama mtu aliyekwenda kwao akakuta nyumba imeuzwa na yeye ndiye aliyeandikwa kuwa muuzaji.

"Ulipima?" nikamwuliza mume wangu.

Mhandisi alijifanya anatafuta waya, akatoka.

"Nilipima."

"Ukaambiwa nini?"

Aliliambia jiwe, si mimi. "Ninayo."

"Kabla ya ndoa."

"Ningekuambia ungeniacha."

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo maana nilikuuliza."

Akakunja mkono wa shati, akasogea kwenye jiwe, akanyoosha kidole mbele yangu. "Nitoboe basi. Nipimeni, muone." Nilikiomba kidole kile kwa miaka. Nilikiomba kwa upole, kwa kununa, kwa machozi, nilikiomba hadi mbele ya mchungaji. Sasa kilikuwa hapo, na mimi nikafunga mtungi wa gesi.

"Tutaharibu gesi bure," nikamwambia.

Mama yake alitoa simu, akitaka kuwapigia wale shangazi palepale awaambie. Nikamzuia. Nikamwambia aliyewaambia ndiye atakayewaambia, kwa mdomo wake, mmoja mmoja, na mimi nitakuwa nimekaa pale nasikiliza. Mama mkwe alikubali. Alikataa kupelekwa kivukoni na mwanawe, akaondoka na bodaboda, na mfuko wa michembe akaniachia mimi.

Nyumbani kwetu Pasiansi tulikula mapema siku ile, samaki na ugali, sote watatu kama kawaida. Mume wangu alikuwa hajanisemesha tangu tutoke, ila mara moja tu mlangoni: "Tusimwingize mtoto." Nikalifikiria hilo. Nikafikiri labda kesho, labda wiki ijayo, labda atatafuta namna ya kumwambia mwenyewe, kwa kuwa anampenda, na hilo sikuwa na shaka nalo.

Binti yetu alikuwa na furaha ya wageni. Alitaka kusimuliwa kila kitu. Bibi aliogopa sindano? Seli za bibi zilikuwa vitumbua au ndizi? Nilimjibu kwamba mwanzo vitumbua, baadaye ndizi kidogo, naye akacheka sana kusikia yeye na bibi wana ndizi. Halafu akamgeukia baba yake.

"Na wewe baba, ulitoa kiingilio?"

Aliinua macho akanitazama. Alitaka nimwokoe, kama nilivyozoea kumwokoa kwa watu wa kanisani, kwa wenye nyumba, kwa mkuu wake wa shule. Sikumwokoa, nikamngoja. Nilimngoja kwa moyo wote. Nilikuwa bado nina nafasi ndogo niliyomwachia, na ilimtosha kusema neno moja tu, ndiyo au hapana.

"Nilitaka sana kutoa, mama," akamwambia binti yake, akimpangusa mchuzi kidevuni. "Umeme ukakatika."

Alilisema kwa upole uleule wa kwenye ngazi za kanisa, bila kusita popote, na binti yangu akamwamini kama nilivyomwamini mimi.

"Pole, baba," akasema, akamsogezea kipande chake cha samaki.

Habari ya mtoto wa pili iliishia pale, juu ya ile sahani. Nilinawa mikono, nikamnawisha na binti yangu, nikakivuta kiti chake karibu na changu. Mume wangu akaanza kuinuka.

"Umeme haukukatika," nikamwambia binti yangu. "Nitakueleza ugonjwa wako umetoka wapi." Kisha nikamwambia baba yake: "Na wewe kaa."